Dereva Ana Leseni, Mwalimu Mkuu Ana Barua

Ukisimama Kombani, pale barabara ya kutoka Likoni inapogawanyika, moja ikiendelea Tiwi na Ukunda, nyingine ikipanda mlima kwenda Kwale mjini, utaona matatu zikipakia tangu alfajiri. Kila dereva aliyeshika usukani pale alitakiwa afunzwe kabla ya kukabidhiwa gari. Aende shule ya udereva, afanye mtihani, apate leseni. Akitaka kubeba abiria, atafute tena leseni ya uchukuzi wa umma na cheti cha tabia njema cha polisi. Wapo wanaohonga, najua, na wewe wajua. Lakini hata anayehonga anajua kuna kitu alipaswa kuwa nacho kabla ya kuwasha gari.

Sasa acha barabara, tembea kidogo, uingie shule yoyote ya umma iliyo nyuma ya vibanda. Ndani ya ofisi yenye kabati la chuma yuko mtu aliyekabidhiwa watoto mia kadhaa, walimu, wapishi, fedha za serikali, majengo, na kipande cha ardhi ambacho pengine hakina hati. Huyo hakupewa leseni. Alipewa barua. Barua ikasema kuanzia tarehe fulani wewe ni mwalimu mkuu wa shule fulani, karipoti. Kazi yenyewe ataijulia mbele kwa mbele.

Ninachosema ni hiki: Kenya tumeyageuza masomo ya uongozi wa shule kuwa biashara ya karatasi. Mwalimu anajilipia mwenyewe, anasoma mbali na shule, anasoma ili apande cheo, na mara nyingi anasoma akiwa ameshapewa shule tayari. Hasara haimkalii yeye peke yake. Inamkalia mtoto wa Gredi ya Nne kule Kinango, ambaye hajui kwamba mwalimu wake mkuu anajifunzia kazi juu ya kichwa chake.

Hebu tuifuate njia yenyewe. Mtu anatoka chuoni akiwa mwalimu wa Hisabati, au wa Kiswahili. Anafundisha miaka. Anakuwa mwalimu mwandamizi, kisha naibu, kisha anaitwa kwenye usaili wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Vyeti vinakaguliwa, maswali yanaulizwa, na Mungu akipenda anapewa shule. Utaniambia ule unaibu ndio mafunzo. Ungekuwa mafunzo kama kungekuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumfunza. Naibu wa shule zetu ni mtu wa ratiba na nidhamu. Anakimbizana na wanaochelewa, anatuliza wazazi, anajaza pengo mwalimu akiugua. Vitabu vya hesabu wengi wao wanaviona kwa mbali. Akibahatika kuwa chini ya mkuu mwenye moyo, atafunzwa. Akiwa chini ya mkuu anayemwogopa kama mrithi, atafichwa kila kitu mpaka siku ya barua yake. Nchi nzima tunaiendesha kwa bahati hiyo.

Serikali haikulala kabisa, tuseme ukweli. Mwaka 1981 ilianzisha taasisi ya kuwafunza wafanyakazi wa elimu, ikaitwa KESI, ikapata nguvu ya kisheria mwaka 1988, na leo inajulikana kama KEMI. Walimu wakuu wengi wamepita huko, kwenye kozi za likizo na kwenye stashahada ya usimamizi wa elimu. Wamefunzwa ununuzi wa vifaa, utunzaji wa hesabu, sheria. Sina ugomvi na yanayofundishwa. Ugomvi wangu ni wakati yanapofundishwa. Kwa miaka mingi kozi hizo zimekuwa za watu waliokwisha kukaa kwenye kiti, au waliosimama mlangoni mwa ofisi. Ni kama kumfunza mtu kuogelea akiwa keshatupwa Bahari ya Hindi, halafu akinusurika tunampa cheti na kupiga picha.

Juu ya hayo kuna shahada ya pili, uzamili, na hapa ndipo biashara inaponoga. Walimu wa Kwale wamevuka feri ya Likoni miaka na miaka kwenda kusoma Mombasa wikendi. Wengine wamezitumia likizo za Aprili, Agosti na Disemba kwenye masomo ya vyuo vikuu yaliyopangwa makusudi kwa ajili ya walimu walio kazini. Karo ni laki kadhaa, nyingi zikitoka kwenye mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Mtu anakatwa mshahara miaka mitatu ili asomee kuongoza shule ambayo mwajiri wake ndiye anayetaka aiongoze. Hilo peke yake lingetosha kutushangaza, ila tumelizoea.

Kwa nini walimu walikubali? Kwa sababu karatasi ilikuwa ngazi. Chini ya utaratibu wa zamani, shahada mpya ilimpandisha mwalimu daraja. Mambo yakabadilika mwaka 2017 TSC ilipoleta mwongozo mpya wa kupanda vyeo, na kusoma zaidi kukawa hakumpandishi mtu moja kwa moja. Chama cha walimu, KNUT, kikapigana na TSC mahakamani juu ya mwongozo huo, na vita hivyo vikawagharimu walimu wengi pesa na amani. Sikia lakini lawama kubwa iliyotolewa wakati ule: walimu walilalamika kwamba wamesoma na hawakupandishwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, maana waliahidiwa. Ila hakuna upande uliosimama kuuliza kama yale masomo yaliwasaidia kuongoza shule. TSC haikuuliza, chama hakikuuliza, vyuo ndiyo kabisa. Wote walikuwa wanagombania bei ya karatasi.

Halafu Septemba 2021 TSC ikazindua mpango wa kuwaendeleza walimu kikazi. Taasisi nne zikateuliwa kuuendesha: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na KEMI. Ada ikawekwa shilingi 6,000 kwa mwaka, kutoka mfukoni mwa mwalimu, na moduli zikapangwa za kumchukua miaka 30. Miaka 30! Mtoto anazaliwa, anasoma, anaajiriwa, anaoa, na mwalimu wake bado analipia moduli. Walimu wakapiga kelele, na walifanya vyema. Kujiendeleza si kubaya hata kidogo. Kilichowachoma ni kwamba mwajiri alikuwa ameandika bili ya mafunzo ya wafanyakazi wake akaituma nyumbani kwao.

Sasa niwaambie ninachokiona mimi kwa macho. Naandika kwa kulipwa kipande kwa kipande, na vipande vya magazeti havijazi sufuria, kwa hiyo hupokea pia kazi za kupiga chapa na kupanga kurasa. Tasnifu za uzamili za walimu ni sehemu ya kazi hiyo. Nimezipanga nyingi kiasi kwamba naweza kuziota. Kichwa kinakuwa hivi: mitindo ya uongozi ya walimu wakuu na athari zake kwa matokeo ya KCSE katika kaunti ndogo ya, halafu unajaza jina. Matuga, Msambweni, Lunga Lunga, Kinango, chagua. Sura tano. Sura ya tatu ina hojaji ya visanduku vitano, kutoka nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Sura ya nne ina majedwali. Sura ya tano ina mapendekezo, na pendekezo la kwanza, karibu kila mara, ni kwamba walimu wakuu wapewe mafunzo zaidi ya uongozi.

Isome tena hiyo. Mtu yuko ndani ya mafunzo ya uongozi, anafanya utafiti wa mwisho wa mafunzo hayo, na alichogundua ni kwamba watu wapewe mafunzo. Chuo kinasoma, kinatabasamu, kinampa joho.

Siku moja naibu mwalimu mmoja, mama wa makamo, alikuja kuchukua kazi yake. Nilikuwa nimeisoma yote, maana kupanga kurasa kunakulazimisha kusoma. Nikamwuliza, "Mwalimu, haya mapendekezo utayajaribu shuleni kwako?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akaniambia, "hayo ni ya chuo. Shule ni shule." Hakuwa mvivu yule mama wala mjinga. Alikuwa amenieleza kwa maneno machache namna mfumo unavyofanya kazi: mambo ya chuo yana mlango wake, mambo ya shule yana mlango wake, na milango hiyo haitazamani.

Na usidhani ni ugonjwa wa Kiafrika. Mwaka 2005 Arthur Levine, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa ripoti juu ya vyuo vinavyowafunza viongozi wa shule na wa wilaya za elimu Marekani. Alikuwa anaisema nyumba yake mwenyewe. Alikuta nyingi ya programu zile ni dhaifu, nyingine ni za aibu. Wanaingia watu bila kuchujwa vya kutosha. Masomo hayafungamani na kazi. Walimu wa chuo wengi hawajui shule za leo. Na kiini cha tatizo, akasema, ni kwamba wilaya zinampandishia mwalimu mshahara kwa kukusanya masomo ya chuo, kwa hiyo mwalimu anatafuta chuo chepesi, na vyuo vinashindana kuwa vyepesi ili vimpate. Ukibadilisha jina la nchi, hiyo ni Kwale. Tofauti ni kwamba Marekani mtu wa ndani alisimama akasema hadharani, nasi tunanong'onezana ndani ya matatu.

Tuje basi kwenye shule yenyewe. Mwalimu mkuu wa Kwale anahitaji kujua nini?

Aanze na usajili. Serikali ilipoleta NEMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kusajili wanafunzi, ulidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na nambari hakuhesabiwa vizuri, na asiyehesabiwa haleti mgao wa fedha shuleni. Sasa chukua kaunti hii. Wamakonde waliishi hapa miongo mingi bila uraia, mpaka walipotembea kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kuudai. Wapemba wa pwani hii, wavuvi wa Shimoni na kwingineko, walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023 tu. Watoto wao walikuwa darasani miaka yote hiyo. Mwalimu mkuu alitakiwa aamue kama atampokea mtoto ambaye serikali haimtambui, atamlisha kwa mgao upi, na atamwambia nini mzazi siku ya kusajili mtihani wa taifa. Kitini kilichoandikwa kwa nchi nzima hakiwezi kumjibu maswali hayo. Chifu angeweza. Mzee wa mtaa angeweza. Mkuu aliyetangulia angeweza, kama kungekuwa na utaratibu wa kukaa naye miezi kadhaa kabla ya kuachiwa funguo.

Aendelee na sekondari msingi. Januari 2023 Gredi ya Saba ilianza, na mwishowe ikawekwa ndani ya shule za msingi. Kwa usiku mmoja mwalimu mkuu wa msingi akawa mkuu wa vijana wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, na wa walimu wapya wenye shahada, wengi wao wanagenzi wa mkataba wanaolipwa kiduchu. Mgao wa mwanafunzi wa sekondari msingi uliwekwa shilingi 15,042 kwa mwaka, na yule wa shule ya msingi shilingi 1,420. Watoto wako kiwanja kimoja, wanakunywa maji ya tangi moja, lakini fedha zao ni mafungu mawili yenye sheria zake. Mwaka 2024 walimu wanagenzi waligoma nchi nzima. Katika shule nyingi ugomvi ulihamia ofisini: walimu wa sekondari msingi wakasema hawawezi kuongozwa na mtu waliyemzidi kisomo, na walimu wakuu wakajibu kwa ubabe, maana hawakuwa na jibu jingine. Hapa ndipo uongozi unapotakiwa. Namna ya kumwongoza mtu aliyekuzidi vyeti, anayelipwa vibaya, na ambaye ana sababu za kukasirika. Ni somo gumu, na halina visanduku vitano.

Kisha kuna yale ya mtaa. Disko matanga zinazokesha, na wasichana wanaoacha shule na mimba. Ratiba ya madrasa na ratiba ya shule zikigongana jioni. Mwezi wa Ramadhani. Njaa ya Samburu na Kinango mvua zikikosekana, siku ambazo mtoto anakuja shule kwa sababu ya uji, na uji ukiisha na yeye anaisha. Mkuu ambaye hajawahi kukaa na imamu, na mzee wa kaya, na mama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ataandika barua za onyo mpaka wino umwishie.

Serikali yenyewe ilizidisha haya. Kuanzia 2018 TSC iliwahamisha walimu wakuu mbali na kaunti zao, ikisema ni kwa ajili ya umoja wa taifa na utendaji bora. Wageni wakaletwa huku, wa huku wakapelekwa bara, na waume wakatenganishwa na wake zao, mpaka sera ikalegezwa na walimu wengi wakarudishwa mwaka 2023. Mtu wa bara anaweza kuongoza shule Kwale vizuri sana, nimewaona. Lakini kama unamtoa mtu Nyeri unamleta Lunga Lunga, ndiyo sababu zaidi ya kumfunza mahali pale kwanza. Walipewa barua na nauli. Hawakupewa mtu wa kuwashika mkono.

Na uchungu wa yote ni huu. Kilomita chache kutoka Kombani, hapo Matuga, serikali ina chuo cha viongozi. Wazee bado wanakiita GTI. Siku hizi ni kampasi ya Chuo cha Serikali cha Kenya, kilichoundwa upya kwa sheria ya mwaka 2012. Maafisa wa serikali wanatoka kila pembe ya nchi kuja pale kwa kozi ya wiki nne ya usimamizi wa ngazi ya juu, au ya wiki sita ya uongozi wa kimkakati. Mara nyingi ofisi zao ndizo zinazowalipia. Wanalala pale, wanakula pale, mshahara unaendelea. Kwa hiyo nchi hii inajua kabisa kwamba kiongozi hufunzwa, tena kwa gharama ya mwajiri. Inalijua hilo mpaka imelijengea mabweni Matuga. Ila mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, huyo aliambiwa ajitafutie 6,000 zake.

Nisimwonee mwalimu mkuu peke yake. Nusu ya matatizo yake yanashuka kutoka juu. Kila kaunti ndogo ina mkurugenzi wa wizara ya elimu na ina mkurugenzi wa TSC, ofisi mbili, mabosi wawili, na mwalimu mkuu mmoja katikati akipokea simu za wote. Wazee wanamwita yeyote kati yao DEO, na kwa kweli hawakosei sana, maana hata wenyewe hawajui vizuri mpaka wao uko wapi. Chini yao kuna afisa wa mtaala wa kila kanda, mwenye shule nyingi na pikipiki moja. Watu hawa wanaitwa viongozi wa elimu. Wengi walikuwa walimu wazuri, wakapandishwa wakaondolewa darasani, wakapewa fomu za kukagua. Kazi ya kumlea mwalimu mkuu mchanga ni yao, na hakuna aliyewafunza kulea. Wanajua kukagua. Ndiyo maana gari la ofisi likiingia getini shule nzima inashika ufagio.

Tanzania angalau walipatia jambo moja. Bagamoyo kuna taasisi ya ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ambayo hufunza walimu wakuu na hufunza pia maafisa elimu wa kata na wa wilaya. Sisemi kule kumenyooka, waulize walimu wa kule wenyewe. Nasema wazo la kuwaweka msimamizi na msimamiwa chini ya paa moja ni la busara, na sisi hatuna sababu ya kulikataa.

Sasa majibu, maana nayasikia yakija.

La kwanza: uongozi ni kipaji, haufundishwi. Watakutajia Geoffrey Griffin, mwanajeshi wa zamani aliyeanzisha Starehe mwaka 1959, bila shahada yoyote ya usimamizi wa elimu, akaiongoza mpaka alipofariki 2005. Kweli kabisa. Lakini hesabu hiyo miaka. Ni 46 katika shule moja. Alijifunza kwa kukaa, na alikuwa na nafasi ya kukosea na kurekebisha kabla watu hawajamsahau. Mwalimu mkuu wa leo anahamishwa kabla hajajua mabomba ya maji yanapita wapi. Na nchi haiwezi kuendesha maelfu ya shule kwa kungojea Griffin azaliwe katika kila kata.

La pili: basi tufanye cheti kiwe lazima, yamekwisha. Polepole. Uingereza ilianzisha cheti cha kitaifa cha walimu wakuu mwaka 1997, ikafikia kukifanya lazima, na mwaka 2012 ikakirudisha kuwa hiari. Ukilazimisha karatasi hapa kwetu bila kubadilisha kilicho ndani yake, utakuwa umewapa vyuo wateja wa lazima tu, nami utanipa tasnifu zaidi za kupanga. Nitashukuru kwa kazi. Mtoto wa Kinango hatakuwa na la kushukuru.

La tatu: hakuna pesa. Pesa zipo, zimekaa vibaya. Walimu wanalipa laki kwa vyuo. Wizara inalipia wiki za Matuga. Wahisani wanalipia semina za hoteli za Diani, ambako mtu anafunzwa usimamizi wa shule maskini akiwa mbele ya meza ya matunda. Singapore inamtoa naibu mwalimu mkuu aliyechaguliwa kazini kwa miezi kadhaa, muda wote, mshahara ukiendelea, kabla hajapewa shule. Utasema Singapore ni tajiri. Sawa. Basi sisi tumpe muhula mmoja.

La nne, na hili huja kwa kejeli: wewe uliyeacha chuo unajua nini kuhusu uzamili? Chuo nilikiacha, si siri. Lakini shule ya umma ni ya umma. Mimi nina wadogo zangu humo. Abiria hahitaji kuwa dereva ili aseme gari linayumba.

Ninachotaka ni hiki. Mtu asipewe shule kabla hajakaa angalau muhula mmoja kamili kando ya mwalimu mkuu anayejulikana kwa kazi nzuri, katika shule ya aina ile ile atakayopelekwa, mshahara wake ukiendelea. Aone hundi zikitiwa sahihi. Akae kwenye kikao cha bodi siku kuna ugomvi. Aende na mkuu huyo kwa chifu na msikitini. Mkuu anayemfunza alipwe kwa kazi hiyo, maana kufunza ni kazi. TSC ilipe, kwa sababu TSC ndiyo inayomtaka. Vyuo vikuu vikitaka kutoa uzamili wa uongozi wa elimu, vitupe ile tasnifu ya visanduku na vimpe mwanafunzi tatizo moja la shule moja: watoto arobaini wasio na vyeti vya kuzaliwa, au wasichana wanaoacha shule Gredi ya Nane, au walimu wa mkataba na wa kudumu wasiosemezana. Alishughulikie mwaka mzima. Mwisho wa mwaka msahihishaji asikae Nairobi. Aje shuleni, awasikilize walimu, wazazi na wanafunzi, ndipo aweke alama. Wakurugenzi wa kaunti ndogo na maafisa wa kanda wakae darasa hilo hilo, na wasome kulea kabla ya kusoma kukagua. Na darasa lenyewe liwe Matuga, kwa kuwa mabweni yapo, na shule za Waa, Ng'ombeni, Tiwi na Mkongani ziko karibu za kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Haya hayahitaji tume nyingine. Tumekuwa na tume za elimu tangu uhuru, na ya karibuni zaidi, ile ya Profesa Raphael Munavu, ilikabidhi ripoti yake mwaka 2023. Kabati za wizara zimejaa.

Wewe unayesoma hapa, pengine umetoka shule hizi juzi tu, na una mdogo wako au mwanao huko. Mwalimu mkuu mpya akija, huwa tunauliza ni wa kabila gani, ni mkali au ni mpole, shule aliyotoka ilipata wastani gani. Kwenye mkutano ujao wa wazazi inua mkono umwulize afisa aliyemleta, kwa adabu: huyu amefunzwa kazi hii na nani, wapi, kabla ya barua au baada yake? Akijibu kwa kutaja vyeti, mwulize tena.